Gunia mbili na debe tano si mbili nukta tano

Mpunga ulipokwisha kupimwa zilipatikana debe 17. Mama mwenye mpunga alihesabu, mwanawe wa darasa la tano alihesabu, na mnunuzi aliyefika na pikipiki alihesabu vilevile. Hapo hapakuwa na ubishi. Makubaliano nayo yalikuwa wazi tangu mwanzo: gunia moja ni debe sita zilizosawazishwa juu, na bei ya gunia ni shilingi 90,000.

Mnunuzi akatoa daftari lake. "Gunia mbili na debe tano, dada," alisema, akaandika 2.5. Akafungua kikokotoo cha simu, akazidisha 2.5 kwa 90,000, kisha akamgeuzia mama kioo cha simu. Ilisomeka 225,000.

Mama alitazama ile namba, akatazama mpunga uliokuwa umemwagwa kwenye turubai.

"Subiri kidogo, mdogo wangu. Hiyo ni hela ya gunia mbili na nusu."

"Ndiyo, dada. Mbili nukta tano."

"Gunia mbili na nusu ni debe 15. Hapa tumepima 17. Debe mbili zimeenda wapi?"

"Simu haidanganyi, dada."

"Simu haidanganyi. Wewe ndiye umeiambia vibaya."

Walirudia kwa njia ya mama: gunia moja ikiwa 90,000, debe moja ni 15,000. Debe 17 mara 15,000 ni 255,000. Tofauti ni shilingi 30,000. Mnunuzi alishika kichwa, akaomba radhi, akalipa. Hakuwa mwizi. Alikuwa kijana aliyemaliza kidato cha nne na aliyeamini kwamba "mbili na tano" huandikwa 2.5 siku zote.

Hayo yalitokea katika kata ya Samuye, wilayani Shinyanga, kwenye msimu wa kuvuna mpunga wa majaruba. Yangeweza kutokea popote panapopimwa mazao kwa debe. Ila kwa mama huyu yaligusa jambo jingine alilokuwa amelinyamazia kwa wiki nzima.

Daftari la mtoto

Wiki hiyo mwanawe alikuwa amerudi na daftari la Hisabati lenye alama nyekundu ukurasa mzima. Swali lilikuwa la kubadili sehemu guni kuwa sehemu mchanganyiko. Alipewa 23/4, akajibu 5.3. Alipewa 17/6, akajibu 2.5. Alipewa 29/12, akajibu 2.5 tena, na hakushangaa kuona maswali mawili tofauti yana jibu moja.

Mama aliliona daftari, akalifunga. Yeye aliishia darasa la saba, na kila akiona namba moja imekaa juu ya nyingine na mstari katikati, husema zile ni hesabu za watu wengine. Alikuwa amekwisha kumwambia mumewe kwa simu kwamba mtoto huyu hana kichwa cha hesabu, labda afikiriwe ufundi. Mtoto alikuwa ndani, akasikia.

Ni maneno ambayo wazazi wengi huyasema bila ubaya, na watoto wengi huyabeba kwa miaka. Mtoto akishaambiwa hana kichwa, kila kosa linakuwa ushahidi. Hatafuti tena amekosea wapi, maana ameshapewa sababu.

Jioni ile, baada ya mnunuzi kuondoka, mama alimwita.

"Mwanangu, lete daftari lako."

"Lipi, mama?"

"Lile lenye wekundu."

Alipolifungua aliona kitu ambacho asubuhi yake asingekiona. Kosa la mtoto lilikuwa lilelile la mnunuzi. Mwanawe alikuwa amegawanya vizuri. Sita katika 17 inaingia mara mbili, inabaki tano. Nne katika 23 inaingia mara tano, inabaki tatu. Kumi na mbili katika 29 inaingia mara mbili, inabaki tano. Yote sahihi. Alichokosea ni kutojua pa kuliweka baki, akaliegesha nyuma ya nukta.

"Hizi debe tano zilizobaki leo," mama alimuuliza, "ni tano kati ya ngapi?"

Mtoto alifikiri. "Kati ya sita. Maana sita ndiyo zinajaza gunia."

"Basi kwa nini hukuandika sita?"

Jina "guni" limetoka wapi

Kabla ya kwenda mbali, mzazi aliyeacha shule siku nyingi akumbushwe majina. Katika sehemu kama 17/6, namba ya juu huitwa kiasi na ya chini huitwa asili. Asili inaeleza kitu kizima kimekatwa vipande vingapi. Kiasi kinaeleza unavyo vipande vingapi. Ukiwa na vipande vichache kuliko vinavyojaza kitu kizima, kwa mfano 5/6, hiyo ni sehemu ya kawaida. Kiasi kikilingana na asili au kikiizidi, kama 17/6, hiyo ni sehemu guni.

Wapenzi wa ushairi wanalijua neno hilo. Shairi guni ni lile lililovunja kanuni za arudhi, pengine mizani zimezidi au vina havikulingana. Sehemu guni nayo ni kama ubeti uliozidi mizani: imebeba zaidi ya kizima kimoja lakini bado inajiita sehemu.

Kanda ya Ziwa wana mfano wa karibu zaidi, nao ni lumbesa. Gunia likijazwa mpaka mdomo, kisha likashonewa kofia juu na kuongezwa debe jingine, hilo bado linaitwa "gunia moja" huku ndani yake mna debe saba. Kwa lugha ya darasani ni 7/6. Mkulima analipwa kizima kimoja, anatoa kizima kimoja na sudusi moja. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo hupiga vita lumbesa na kusisitiza mazao yauzwe kwa mizani, na kifungashio kisizidi kilo 100. Mtoto anayejua kuigeuza 7/6 kuwa 1 1/6 anaweza kumwonyesha baba yake kwa namba kile ambacho mkulima amekuwa akikilalamikia kwa mdomo tu.

Hatua zenyewe

Kubadili sehemu guni kuwa sehemu mchanganyiko kuna hatua tatu, na mzazi anaweza kuzifuata akiwa jikoni.

Kwanza, gawanya kiasi kwa asili. Kwa 17/6, gawanya 17 kwa 6. Unapata 2.

Pili, tazama kilichobaki. Mbili mara sita ni 12. Kutoka 12 kwenda 17 zimebaki 5.

Tatu, andika jibu. Ile 2 ni namba nzima. Ile 5 iliyobaki ndiyo kiasi kipya. Asili haibadiliki, ni 6 ileile. Jibu ni 2 5/6, husomwa mbili na tano juu ya sita.

Kuhakiki ni kurudi ulikotoka: zidisha namba nzima kwa asili, kisha jumlisha kiasi. Mbili mara sita ni 12, jumlisha 5 ni 17. Umerudi kwenye 17/6. Mtoto akizoea kuhakiki hivi, hahitaji kusubiri kalamu nyekundu imwambie kama amepata.

Ikitokea hakuna kilichobaki, jibu ni namba nzima peke yake. Debe 12 ni 12/6, nazo ni gunia 2 kamili. Na kama sehemu iliyobaki inaweza kurahisishwa, irahisishwe: debe 15 ni 15/6, yaani 2 3/6, yaani 2 1/2. Hapa ndipo nusu ya kweli ilipo. Nusu gunia ni debe tatu, si tano.

Kuna kipimo kingine ambacho Waswahili wamekuwa nacho kabla ya kikokotoo: neno kasoro. Ukimuuliza mtu wa Samuye debe 17 ni gunia ngapi, huenda akakujibu "tatu kasoro debe moja". Ni kama tunavyosema saa mbili kasorobo. Jibu hilo linakuonyesha mara moja kwamba uko karibu na tatu, na kwamba anayekuambia mbili na nusu amekupunja. Mfundishe mtoto kukisia namna hiyo kabla ya kuandika: jibu langu liko karibu na namba gani nzima?

Wamisri wa kale nao walikutana na baki. Katika mafunjo yanayojulikana kwa jina la Rhind, yaliyoandikwa miaka zaidi ya 3,500 iliyopita na sasa yamehifadhiwa British Museum mjini London, maswali ya mwanzo kabisa ni ya kuwagawia mikate watu kumi. Wao walipendelea sehemu zenye moja juu, hivyo 5/6 wangeiandika kama nusu na theluthi. Tukiileta kwenye mpunga, nusu ya gunia ni debe tatu, theluthi ni debe mbili, jumla tano. Hesabu inakubali.

Baki ndilo linalogombanisha

Baba wa familia hii yuko upande wa Geita, kwenye machimbo madogo ya dhahabu. Usiku huo alipopiga simu, mtoto alimpa swali lake la pili badala ya kuulizwa habari za shule.

"Shikamoo baba. Mkiwa wanne, mkipata mifuko 23 ya mawe, mnagawanaje?"

"Marahaba. Kila mtu mitano."

"Na mitatu inayobaki?"

Baba alicheka. "Hiyo ndiyo inagombanisha watu, mwanangu. Ile mitano mitano haina maneno. Mitatu iliyobaki tunaipeleka karasha pamoja, inasagwa, inaoshwa, kitakachopatikana tunagawana wanne."

"Kwa hiyo kila mtu ana mitano na robo tatu."

"Mitano na robo tatu, sawasawa."

Mtoto alifuta 5.3 akaandika 5 3/4. Kama wangeuamini ule mfuko "5.3", kila mchimbaji angedhani anadai mifuko mitano na kidogo tu, kumbe anadai mitano na karibu mfuko mzima. Haki ya mtu mara nyingi imejificha kwenye baki, na baki bila asili yake ni namba isiyo na maana. Tatu kati ya nne ni nyingi. Tatu kati ya kumi ni chache. Nukta haijui kitu kingine ila kumi: ukiandika .3, umesema tatu kati ya kumi, upende usipende.

Kwa hiyo desimali si adui. Kikokotoo kikigawanya 17 kwa 6 huonyesha 2.8333 na kuendelea, na hilo ni sahihi. Mnunuzi angegawanya 17 kwa 6 kwenye simu, angepata fedha sahihi. Alikosea kwa sababu aligawanya kichwani, akapata gunia mbili na baki tano, kisha akaliandika baki kana kwamba gunia lina debe kumi.

Makosa mengine ya kuangalia

Ukikagua daftari la mwanao, tazama kosa liko hatua gani. Watoto wengi huangukia kwenye mojawapo ya haya.

Wapo wanaobadilisha asili. Kwa 17/6 mtoto anaandika 2 5/2 au 2 5/17. Huyu anajua kugawanya ila amesahau kwamba vipande havikubadilika ukubwa. Muulize: debe moja imekuwa kubwa ghafla?

Wapo wanaogeuza nafasi, wakaandika 5 2/6. Huyu amechanganya jibu na baki. Mwambie ahakiki: tano mara sita ni 30, jumlisha mbili ni 32. Tulianza na 32?

Wapo wanaoacha baki kubwa kuliko asili. Kwa 23/4 mtoto anaandika 4 7/4. Si uongo, maana thamani ni ileile, ila kazi haijaisha. Ndani ya zile saba bado kuna kizima kingine.

Na wapo ambao tatizo lao ni jedwali la kuzidisha. Hawa hawahitaji kufundishwa sehemu upya. Wanahitaji kukariri sita mara mbili mpaka sita mara kumi na mbili wakiwa wanachota maji au kuchambua mboga.

Kadi ya kliniki

Swali la tatu la mtoto, 29/12, lilimrudisha mama kwenye kadi ya kliniki ya binti yake mdogo. Umri wa mtoto ni sehemu ambayo asili yake ni 12, kwa sababu mwaka una miezi 12. Miezi 29 ni miaka 2 na miezi 5, yaani 2 5/12. Ukiandika 2.5 umesema miaka miwili na nusu, ambayo ni miezi 30.

Mwezi mmoja unaweza kuonekana mdogo, lakini ratiba ya chanjo nchini inahesabu kwa wiki na miezi. Baada ya chanjo za kuzaliwa, mtoto anatakiwa kliniki akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Chanjo ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 9, na dozi ya pili akiwa na miezi 18. Miezi 18 ni 18/12, yaani 1 6/12, yaani mwaka mmoja na nusu. Mama anayeandika mwaka mmoja na miezi sita kama "1.6" na mwaka mmoja na nusu kama "1.5" anaweza kudhani hizo ni tarehe mbili tofauti, kumbe ni siku ileile. Na anayeandika mwaka mmoja na miezi kumi kama "1.10" atajikuta na namba ambayo kikokotoo kinaisoma 1.1. Iliyo salama ni kutaja miezi yote: "ana miezi 17". Muuguzi hatakosea, na wewe hutalazimika kutembea safari mbili.

Kwenye dawa, mambo hugeuka. Huko sehemu guni ndiyo inayorahisisha kazi. Tuseme mgonjwa ameandikiwa kidonge kimoja na nusu, mara mbili kwa siku, kwa siku 5. Kimoja na nusu ni 3/2. Atakunywa mara 10. Tatu mara kumi ni 30, yaani 30/2, sawa na vidonge 15. Ukipewa 12 dirishani, unajua kabla hujaondoka kwamba havitoshi.

Vivyo hivyo kwa mtoto anayeharisha. Pamoja na maji ya chumvichumvi, ambayo pakiti ya lita moja huchanganywa kwenye maji safi na salama lita moja kamili, mtoto hupewa zinki kwa siku 10 hadi 14 kama alivyoelekeza mhudumu. Mwenye umri chini ya miezi 6 hupewa nusu kidonge cha miligramu 20 kila siku. Nusu kumi ni 10/2, vidonge 5. Nusu kumi na nne ni 14/2, vidonge 7. Mzazi akiona vidonge vimebaki siku ya nne kwa sababu mtoto ameacha kuharisha, hesabu inamkumbusha kwamba dozi haijaisha.

Hapo ndipo mwalimu huwa na sababu ya kufundisha kwenda na kurudi. Sehemu mchanganyiko ni nzuri kwa kusema na kusikika: gunia mbili na debe tano, mwaka na nusu, kidonge kimoja na nusu. Sehemu guni ni nzuri kwa kuzidisha na kugawanya. Mtoto atakapoingia sekondari majina yatageuka kuwa ya Kiingereza, ila kazi itabaki ileile, na aliyeielewa kwa Kiswahili hatapata shida ya kubadilisha majina tu.

Mzazi afanye nini

Si lazima mzazi awe amesoma mbali. Mama wa Samuye hakumfundisha mwanawe kanuni yoyote mpya. Alimuuliza swali moja ambalo yeye mwenyewe hulitumia kila anapopima mpunga, mahindi au michembe: zimebaki ngapi, na ni kati ya ngapi?

Tumia vilivyopo. Sado tano hujaza debe moja, hivyo sado 13 ni debe ngapi? Siku saba ni wiki moja, hivyo siku 45 ni wiki ngapi? (Ni 6 3/7.) Chapati zimekatwa robo nne nne, watoto wamekula robo 11, ni chapati ngapi zimeliwa? Mwache ajibu kwa mdomo kwanza, ndipo aandike. Akikosea, msimamishe kwenye hatua aliyokosea badala ya kufuta yote, kwa sababu mara nyingi amepata hatua mbili kati ya tatu.

Na lile neno la kichwa cha hesabu liwekwe kando. Asubuhi iliyofuata mama alimpigia mumewe na kumwambia kwamba ya ufundi yangoje kwanza. Mtoto alikuwa uani akifunga kamba za viatu, naye akasikia.